Semina za bure za Kilatini kwa walimu wa shule za serikali Uingereza: maswali mnayoniuliza kila siku

Mi ni mwalimu wa historia kwenye shule ya serikali hapa England, mzaliwa wa Tanga, na tangu watu wajue kwamba nafundisha na Kilatini simu yangu haipumui. Kwenye harusi, kwenye futari, hata msibani juzi dada mmoja kanivuta pembeni, "ticha, eti ni kweli wanawafundisha walimu bure?" Basi nimeona niyakusanye maswali yote hapa niyajibu mara moja, atakayeniuliza tena namtumia hii. Nimeandika jioni baada ya kusahihisha madaftari kwa hiyo herufi zikikosekana mnivumilie.

Klasiki ni kitu gani? Ni ule muziki wa vinanda?

Hapana, ingawa hata shemeji yangu alidhani hivyo hivyo. Huku wakisema klasiki kwenye mambo ya shule wanamaanisha masomo ya Warumi na Wagiriki wa kale, na ndani yake kuna vitu vinne: Kilatini, Kigiriki cha kale, historia ya kale, na ustaarabu wa kale, yaani hadithi zao, dini zao, majengo yao, maisha yao ya kila siku. Hivyo viwili vya mwisho unafundisha kwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, hamna kukariri kitenzi hata kimoja. Hili nalisema mapema maana wengi wakisikia Kilatini wanakimbia kabla sijamaliza sentensi.

Nani anazitoa hizo semina, na kwa nini zikawa bure?

Kubwa lao ni shirika la hisani linaitwa Classics for All, lilianza 2010, linakusanya michango ya watu, halafu linawafundisha walimu wa shule za serikali ambao hawajawahi kusoma haya mambo. Shule walizozifikia zimeshavuka 1,000. Wana vituo mikoani vinavyoshirikiana na vyuo vikuu, kwa hiyo anayekuja kukufundisha mara nyingi ni mtu wa karibu na ulipo, sio lazima atoke London.

Kwa nini bure, hapo kuna stori. Zamani huwezi kuingia Oxford wala Cambridge bila kufaulu Kilatini, hata kama unakwenda kusoma kemia. Sharti hilo likaondolewa kama 1960 hivi, na kuanzia 1965 serikali ikaanza kuzigeuza zile shule za kuchuja watoto kwa mtihani ziwe shule za watu wote, ambalo mi naliona lilikuwa jambo jema, lakini Kilatini kikaachwa njiani, shule nyingi za serikali zikaona hakina kazi tena na walimu wake wakastaafu bila kuacha mrithi. Shule za kulipia zenyewe hazikukiacha. Mwaka 2021 wizara ya elimu ilitoa takwimu kwamba kwa watoto wa miaka 11 mpaka 14 Kilatini kinafundishwa kwenye shule za serikali asilimia 2.7 tu, za kulipia asilimia 49. Isome tena hiyo. Sio kwamba watoto wetu hawakitaki, ni kwamba hakuna wa kuwafundisha, na wa kuwafundisha hapatikani kwa sababu na yeye shuleni kwake hakikuwepo. Semina ya bure ndiyo inakata huo mzunguko.

Mi sijui Kilatini hata neno moja. Nitaweza kweli?

Hili ndilo swali la kwanza kwa kila mtu, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Siku ya kwanza ya semina tulikuwa walimu sita, mi peke yangu ndo Mswahili. Mkufunzi akaandika ubaoni yale maneno ya Kaisari, *veni vidi vici*, yaani nilikuja, nikaona, nikashinda, akasema matamshi ya Warumi wenyewe V ilikuwa W, na C ni K siku zote. Wenzangu wakaanza kubabaika, vai, vii, vichi. Mi nikasoma kama ninavyosoma gazeti: weni, widi, wiki. Mkufunzi akageuka, "umesoma wapi?" Nikamwambia sijasoma popote, nimetamka tu. Irabu za Kilatini ni a, e, i, o, u zile zile zetu, zinasomeka kama zilivyoandikwa (kuna ndefu na fupi ila hilo utalizoea), na mkazo mara nyingi unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama sisi.

Halafu vitenzi. Mwingereza anahangaika sana kuelewa inakuwaje neno moja likawa sentensi nzima, sisi toka tunanyonya tunasema hivyo. Chukua *portabimus*. Ikatekate: *porta* ni beba, *bi* ni ta, *mus* ni tu. Beba-ta-tu. Igeuze: tutabeba! Ni neno letu lile lile limevaliwa kinyumenyume. Ile siku nilicheka peke yangu wenzangu wakanitazama kama nimepata wazimu.

Upatanisho nao ndo kabisa. Kwa Kilatini mtoto wa kiume mzuri ni *puer bonus*, msichana mzuri *puella bona*, divai nzuri *vinum bonum*, sifa inabadilika kufuata nomino. Wao wana makundi matatu. Matatu! Mtu aliyekulia na mtoto mzuri, kitabu kizuri, mti mzuri, maji mazuri, ukuta mzuri, anatishwaje na makundi matatu? Tena hakuna *the* wala *a*, ambazo mi baada ya miaka yote hii huku bado zinanipiga chenga. Na ile -ni yetu ya nyumbani wanayo inayofanana nayo, *domi* maana yake nyumbani, ila wao wameibakiza kwenye maneno machache tu.

Sasa nisiwadanganye, kuna mahali Kiswahili hakikusaidii. Kilatini mpangilio wa maneno hauna maana sana, kinachosema nani kafanya na nani kafanyiwa ni mwisho wa neno. *Canis hominem mordet*, mbwa anamuuma mtu. *Hominem canis mordet*, bado ni mbwa anamuuma mtu, ingawa mtu katangulia. Ukitaka mtu ndo amuume mbwa inabidi useme *canem homo mordet*. Kwetu ukisema "mtu anamuuma mbwa" umeshamgeuza mtu kuwa na meno. Hapa nilikwama wiki tatu nzima, nilikuwa nasoma kwa kukisia kutoka kushoto kwenda kulia kama kawaida na nakosea kila sentensi, mpaka nikaanza kuzungushia duara miisho ya maneno kwa kalamu nyekundu ndo macho yakafunguka. Na wanafunzi wangu sasa hivi nawafundisha hivyo hivyo kwa kalamu nyekundu, huenda nisingejua watakwama wapi kama mi mwenyewe nisingekwama.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, utaweza.

Sihitaji digrii ya Kilatini au cheti maalum?

Hapa England ukishakuwa na hadhi ya ualimu, ile QTS, haijafungwa kwenye somo moja. Hedi (mwalimu mkuu) akikupa kipindi cha Kilatini unafundisha Kilatini. Ukitaka kuwa bingwa wa somo kabisa kuna PGCE ya klasiki, kozi ya ualimu ya baada ya digrii, vyuo vichache vinatoa, Cambridge na King's College London mojawapo, lakini hiyo ni safari nyingine na sio ya bure.

Semina yenyewe inakuwaje?

Inategemea shule na shule, mi nawaambia ya kwangu. Jumanne saa kumi jioni (saa kumi ya Kiswahili, watoto wameshaondoka), mara nyingine tunakaa darasani na mkufunzi, mara nyingine kwa laptopu kila mtu na kikombe chake cha chai iliyopoa. Saa moja na nusu. Nusu ya muda unajifunza lugha, nusu unajifunza namna ya kuifundisha, na kwangu hiyo nusu ya pili ilikuwa na thamani kuliko ya kwanza, sarufi unaweza kuipata kitabuni ila kitabu hakikwambii kwamba watoto wa mwaka wa 7 (wale wa miaka 11 na 12) Ijumaa mchana usiwape sarufi, wape jumba la Pompeii, ule mji wa Warumi uliofukiwa na volkano, wachore.

Kanuni ya kimyakimya ni kuwatangulia wanafunzi sura mbili. Kusema kweli kuna wiki nilikuwa nimewatangulia ukurasa mmoja. Mtoto mmoja akaniuliza neno sikulijua, nikamwambia silijui, tukafungua kamusi wote wawili, na nadhani siku ile alijifunza zaidi kuliko siku ambazo najifanya najua.

Mkufunzi pia alikuja kukaa nyuma ya darasa langu mara mbili, bila fomu ya kutoa maksi wala nini, akaniambia yaliyokwenda na yasiyokwenda. Baada ya semina rasmi kuisha nikabaki naye kwenye barua pepe, mpaka leo nikikwama namwandikia.

Ni bure kweli kweli au kuna kitu kimefichwa?

Semina ni bure kwa shule ya serikali. Shirika linaweza pia kuisaidia shule hela kidogo ya vitabu. Lakini kitu cha bure kina bei yake nyingine, na hapa bei ni muda wako. Semina ya jioni ni jioni yako. Ikiwa mchana, shule inabidi itafute mtu wa kushika vipindi vyako, ile wanayoita kava, na kava inalipiwa, na hedi yeyote ukimtajia kava uso unabadilika. Kuandaa somo jipya kunakula saa zako za maandalizi, zile asilimia 10 za ratiba ambazo ni haki yako, na zitakwisha Jumatatu. Mwaka wa kwanza ni mzito, wa pili una vifaa vyako tayari, wa tatu unaanza kufurahia. Anayekwambia ni wepesi toka mwanzo hajafundisha.

Shule ya msingi nayo inaweza?

Tena shule ya msingi ndo rahisi kuliko sekondari. Mtaala wa England wa 2014 unasema watoto wa miaka 7 mpaka 11 wafundishwe lugha ya kigeni, na lugha hiyo inaweza kuwa ya kisasa au ya kale, yaani Kilatini kinahesabika kihalali kabisa, hamna wa kukuuliza. Na kwenye historia wameshawekewa Ugiriki ya kale na Warumi walipotawala Uingereza, kwa hiyo vitu vinashikana vyenyewe.

Wadogo wana kitabu kinaitwa Minimus, ni panya anayekaa na familia moja ya Kirumi kwenye ngome ya Vindolanda, kaskazini huko karibu na ule ukuta wa Warumi wa kaizari Hadrian. Vindolanda ni mahali pa kweli, wamechimbua barua zilizoandikwa kwa wino kwenye vibao vyembamba vya mti, vyembamba kama kadi. Moja ni ya mama mmoja, Claudia Severa, kama mwaka 100 hivi, anamwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina kwenye sikukuu yake ya kuzaliwa. Barua yote kaandika karani kwa mwandiko wa kiofisi, ila mwishoni mama mwenyewe kachukua kalamu akamalizia kwa mkono wake, mwandiko wenye kutetereka kidogo, anamwita mwenzie dada, anamwambia nitakutarajia.

Nilikwenda kusaidia shule ya msingi jirani, tukawapa watoto vipande vya mbao nyembamba waandike mwaliko wao. Binti mmoja, mamake Mkongo, kamwandikia bibi yake Bukavu. *Vale, soror*, akaandika, yaani kwaheri dada. Nikamwambia bibi sio dada, akanijibu "ananiitaga dada." Nikamwachia.

Sekondari kuna mtihani?

Upo. GCSE ya Kilatini, ule mtihani wa watoto wa miaka 16, nusu yake ni lugha na nusu fasihi na maisha ya Warumi, na maneno ya kukariri ni mia nne na ushei, sio maelfu. Ustaarabu wa kale una GCSE yake, na historia ya kale ina yake. Kuna kitu cha kuudhi kimoja, kile kipimo cha EBacc cha tangu 2010, cha serikali kupima shule kwa masomo wanayofanyia mtihani watoto, kilihesabu Kilatini kama lugha na historia ya kale kama historia, ustaarabu wa kale kikauacha nje, na mahedi wengi wakauona hauna faida kwenye meza yao ya matokeo. Mi naona lilikuwa kosa kubwa maana ndilo somo ambalo mtoto yeyote anaweza kuanza kesho.

Kwa hiyo nianze na Kilatini au na ustaarabu wa kale?

Kama shule yako haijawahi kuwa na chochote na walimu mna hofu, anzeni na ustaarabu wa kale, au hata klabu tu ya baada ya masomo. Lakini kama we ni Mswahili, naomba ujaribu Kilatini. Ushasoma juu huko.

Ticha, watoto wetu ni Waafrika. Hii si historia ya wazungu tu?

Nililitegemea. Na mi mwenyewe nilikuwa na mawazo hayo hayo, nilikwenda semina ya kwanza nimekunja uso.

Ufalme wa Warumi ulizunguka bahari ya Mediterania yote, na upande mmoja wa bahari hiyo ni Afrika. Kaizari Septimius Severus alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, akafia York, kaskazini ya England, mwaka 211, York hiyo hiyo ya treni ya kwenda Scotland. Terence, mwandishi wa michezo ya kuigiza aliyesomwa na watoto wa shule Ulaya kwa mamia ya miaka, inasemekana aliletwa Roma mtumwa kutoka upande wa Carthage, Tunisia ya leo. Mtakatifu Augustino alizaliwa 354 kwenye Algeria ya leo na aliandika Kilatini ambacho wanafunzi wa chuo bado kinawatoa jasho. Na kule York mwaka 1901 walifukua kaburi la mwanamke tajiri wa karne ya 4, ana bangili za pembe za ndovu mkononi, mwaka 2010 wataalamu wakapima mifupa wakaona asili yake huenda ni Afrika Kaskazini. Wanafunzi wangu weusi nilipowaonyesha hizo bangili palikuwa kimya, ule ukimya ambao mwalimu anaujua, halafu mmoja akauliza "kwa hiyo tulikuwa hapa kabla yao?" Swali zuri na sio jepesi, mjadala uliisha kengele ya tatu.

Na sio Afrika Kaskazini tu. Kuna kitabu kidogo cha Kigiriki cha karne ya 1, kinaitwa Periplus, kimeandikwa na mfanyabiashara mmoja wa Misri asiyejulikana jina, kinaeleza bandari moja baada ya nyingine kuteremka pwani yetu, wao waliiita Azania. Kinataja kisiwa cha Menuthias, na bandari ya mwisho kabisa Rhapta, ambayo wataalamu wengi wanaiweka Tanzania ingawa hadi leo wanabishana ni wapi hasa. Jina Rhapta linatokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu ya boti zao za kushonwa. Za kushonwa! Mitepe hiyo, babu zangu wanaijua. Wanauza pembe za ndovu, magamba ya kasa. Mi mtoto wa Tanga nimekuja kusoma habari za pwani yangu kwenye semina ya jioni mjini kwa Waingereza, na mkufunzi anaitamka Rhapta vibaya.

Halafu maneno. Hili nalifanya kila mwaka, naandika meza, mvinyo, sabuni, dinari, kasri, kalamu, falsafa. Meza ni *mensa*, mvinyo ni *vinum*, hayo kayaleta Mreno. Sabuni ni *sapo*, dinari ni *denarius*, kasri ni *castrum*, hayo yamepita kwa Waarabu, na kalamu na falsafa yametoka Ugiriki kwa njia hiyo hiyo. Mwisho naandika shule. Shule tuliipata kwa Mjerumani, Mjerumani kwa Mrumi, Mrumi kwa Mgiriki, na kwa Mgiriki *skhole* maana yake ilikuwa mapumziko, muda wa kutofanya kazi. Hapo darasa zima linaomba kwenda nyumbani kupumzika.

Ila sifichi mabaya. Utumwa umejaa kila ukurasa, na vitabu vya zamani vilikuwa na tabia ya kuwachora watumwa wanaotabasamu. Mi hapo nasimama, sisi watu wa pwani utumwa tunaujua kwa majina ya mitaa, siwezi kuupita kwa kuchekacheka.

Sisi ni Waislamu, na jirani yetu mlokole naye kauliza. Miungu yote hiyo haitawaharibu watoto?

Inasomwa kama hadithi na historia, hamna anayeombwa kumsujudia Jupita. Kwa ndugu zangu Waislamu nakumbusha tu kwamba Aristu na Aflatuni (Aristotle na Plato) walihifadhiwa na kina nani? Karne ya 9 Baghdad walikuwa wanatafsiri vitabu vya Kigiriki kwenda Kiarabu, Hunayn ibn Ishaq na vitabu vya tiba vya Jalinus, yule tabibu Mgiriki Galen, na vingi Ulaya waliviokota kutoka huko.

Tena kuna kitu mtakielewa kuliko Waingereza wenyewe. Mji wa Bath una chemchemi ya maji moto, Warumi walikuwa wakiibiwa kitu wanaandika jina la kitu na laana kwenye kibati cha risasi, wanakikunja, wanakitupa majini kwa mungu wao Sulis Minerva. Vimepatikana kama 130. Bwana mmoja, Docimedis, kaibiwa glavu mbili, anaomba mwizi apotewe na akili na macho. Glavu mbili! Walimu wenzangu wanacheka, mi nikasema jamani hii ni albadiri, ikabidi nieleze albadiri ni nini na hakuna aliyecheka tena.

Ule mpango wa serikali wa Kilatini umeishia wapi?

Umekufa. Ulikuwa wa kupeleka Kilatini shule za serikali, ulitangazwa 2021, pauni milioni 4, shule 40, ukaanza Septemba 2022. Desemba 2024 serikali mpya ikasema hela zinaishia Februari 2025, katikati ya mwaka wa masomo, na kuna watoto walikuwa wanaelekea mtihani. Siingii kwenye siasa za nani kasababisha, ila ona tofauti: shule zilizokuwa na mwalimu wake mwenyewe aliyefunzwa zina kitu mkononi, zilizotegemea mshahara wa mpango zilibaki kutafuta wafadhili.

Nimwambieje hedi akubali?

Usiende na mapenzi yako ya Warumi, nenda na ratiba. Sema ni kipindi gani, darasa gani, saa ngapi kwa wiki, na kwamba mafunzo ya jioni hayagusi bajeti yake. Kama shule ina watoto wengi wenye lugha mbili nyumbani, sema hivyo, wote wanaanza Kilatini kwenye mstari mmoja, hakuna aliyekizungumza kwa mamake, na mtoto aliyefika England juzi mara nyingi anamzidi mzawa kwenye sarufi.

Na lililo kubwa kuliko yote, msiende semina mtu mmoja. Nendeni wawili. Shule yangu ya kwanza nilikwenda peke yangu, nikajenga klabu, nikaibadilisha ikawa kipindi, watoto 24, nilikuwa najiona mshindi. Baada ya miaka miwili nikahama kwa sababu za kifamilia. Nikaacha vitabu vimepangwa kabatini na daftari la maandalizi yote mpaka sura ya mwisho. Mwaka uliofuata nikapita kusalimia, kabati limejaa jezi za mpira, vitabu viko kwenye boksi chini ya ngazi, watoto wangu wamepelekwa kipindi kingine. Hakuna aliyefanya ubaya, hedi hakuwa na mtu tu. Shule niliyopo sasa nilikataa kuanza mpaka mwalimu wa Kiingereza alipokubali kuja semina pamoja nami, na mwaka jana nilipougua mwezi mzima somo liliendelea.

Niko Dar (au Mombasa, au Muscat). Naweza kujiunga?

Hapana, semina zile ni za shule za serikali za Uingereza. Lakini vifaa vingi viko wazi kwenye intaneti bila kulipa: barua za Vindolanda zenyewe na picha zake, maandishi ya mawe ya Warumi wa Uingereza, na maktaba ya Perseus ambapo unabonyeza neno la Kilatini au Kigiriki linakuchambulia. Na kwa Bongo usisahau seminari, mapadre wazee wengi wana Kilatini kizuri na hawana wa kuongea naye.

Mi ni mzazi tu, shule ya mwanangu haina. Nifanye nini?

Mwandikie hedi barua fupi, taja kwamba mafunzo ni ya bure na kwamba shule yenyewe ndiyo inayotuma maombi. Wazazi watatu wakiandika ni tofauti na mmoja. Usimsumbue mwalimu wa historia getini, maskini anakimbilia basi.

Na Kigiriki je?

Walimu wanafunzwa pia, ni wachache zaidi. Kama madrasa ulisoma herufi za Kiarabu, herufi nyingine mpya hazitakutisha. Mi nimeanza Septemba, mwenzangu wa Kiingereza kanitangulia masomo mawili, Jumanne hii ni zamu yake kuleta chai.